Kumi na Moja

Sauti ya kinasa inataja: tatu. Saba.
Bonaria, jumlisha. Kumi.
Nne. Sasa ijumlishe na ile saba, si na kumi.
Kumi na...
Imepita. Tisa nayo imepita.

Miaka ishirini na sita alishika daftari
la kiwanda cha vizibo vya chupa, hapa hapa Nuoro,
na senti haikumponyoka.

Daktari Murgia anauliza, macho kwenye fomu:
Ulisoma hadi darasa la ngapi? Unalala?
Sigara?
Tangu maradhi yaanze kumenya ganda la neva, miaka mingapi?
Na huzuni, tuseme, kwa wiki, mara ngapi?

Anajibu yote. La mwisho analijibia dirishani.

Mimi mumewe nayajua mengine, yasiyo na kisanduku:
jua la Agosti linavyomfutia maneno,
uchovu unaotangulia kahawa kuchemka,
jina langu linavyotafutwa nyumba nzima
kama ufunguo ulio mkononi.

Tukirudi, kwenye ngazi za kanisa, akasimama ghafla.
"Kumi na moja," akasema. "Saba na nne."

Nikasema ndiyo.
Nikapapasa mifuko. Sikuwa na pa kuiandika.