Vitobo

Shaame, fundi baiskeli, Wete, kona ya Jadida.
Miaka thelathini na mbili kazi yake moja:
kuzamisha mpira ndani ya karai,
kutafuta povu,
kuziba.

Basi tulipovuka hadi Mnazi Mmoja, akaambiwa
mshipa wa paja umekufa, atatiliwa wa kitambaa,
alitaka kuuona kwanza.
Daktari Rahika akaunyanyua dirishani:
bomba jeupe, mikunjo kama koromeo la kuku,
na mwanga ukapita.
"Huu una pancha," akasema ndugu yangu.
"Pancha elfu. Ndio mnaonitia?"

Mimi nilinyamaza. Mkononi nina kofia,
nimefika safu ya nne.
Kitobo kimoja, sindano saba kukizunguka,
kisha kingine. Kofia isiyo vitobo
huchemsha kichwa;
vikizidi ukubwa haisimami,
hulala kama kawa lililoloa.
Hapo katikati ndipo ninapolia chakula.

Daktari akaendelea, kana kwamba kanisikia:
Tukiufuma kwa kubana mno, mwili utaupita kando.
Utaota utando wa juujuu,
rangi juu ya bati lenye mafuta,
siku moja ubanduke.
Tukiulegeza mno, utavuja hata hatujashona jeraha.
Kwa hiyo tutaunywesha kwanza damu yako mwenyewe,
igande kwenye matundu.
Hiyo ndiyo solusheni, fundi.
Halafu nyama, kutoka nje, haina haraka,
itapenya tundu kwa tundu
na vijishipa vyembamba kuliko uzi wangu
(uzi aliutazama yeye, sikumwonesha)
ije itandike ndani.

"Pote?" nikauliza.
Akavua miwani.
"Nchani, ndiyo.
Katikati, kwa binadamu, mara nyingi haifiki."

Mwezi wa tano huu.
Kila usiku naweka vidole viwili juu ya mguu wake,
penye mfupa, nasikiliza.
Unapiga. Ananikataza kuhesabu kwa sauti.

Juzi mtoto wa Bi Mkasi kaleta gurudumu.
Shaame kazamisha mpira, povu likapanda,
chembe, chembe, chembe,
naye kainama juu ya karai, kidole hakisogei,
anatazama tu pumzi inavyotafuta njia,
mpaka mtoto akachoka:
"Ami, huzibi?"