Upande wa Pili wa Karatasi

Mkataba una kurasa kumi na moja.
Ukurasa wa saba ndio wenye mshahara.
Kaka yangu Sietse alinawa mikono kabla ya kuugusa,
akausoma, akaurudia.
"Huu ni wa mwaka?"
Wa mwaka.
Akaanza kuupima kwa ng'ombe, ndivyo kwetu tunavyopima.
Alipofika themanini akaacha,
akatoka kwenda kukamua.

Amsterdam wana matunda ya bure mezani
na viti vinavyoukumbuka mgongo wako.
Wana kijana aitwaye Joost. Aliniuliza:
ukirusha dadu hadi sita ije mara mbili mfululizo,
utarusha mara ngapi, kwa wastani?
Arobaini na mbili, nikasema,
kahawa yake ingali kinywani.
Akacheka kwa furaha ya kweli.
Nami nilifurahi. Sitadanganya.

Profesa Veenstra hana matunda.
Ana vipande vya chaki vidogo kama jino,
koti lenye kiraka kiwikoni,
na nafasi moja ya uzamivu, miaka minne,
posho ya kula na kodi ya chumba.
Hakunibembeleza. Alisema tu:
"Ile hatua ya tatu bado inavuja."

Inavuja tangu Oktoba.
Nimelala nayo, nimeoga nayo,
nimeitukana kwa Kifrisia, lugha ya nyumbani,
ng'ombe wakinitazama.
Hakuna atakayelala njaa isipozibika.
Ikizibika, labda watu tisa duniani wataisoma,
na wawili kati yao hawasalimiani.

Mshika mbili, wanasema, moja humponyoka.
Hawasemi ipi.

Jana, kwenye treni ya kurudi Groningen,
nilitia sahihi. Mkono haukutetemeka:
zizi jipya lina deni, na deni lina riba,
na riba naijua kuliko ninavyoyajua maombi.
Tulipoipita Assen, mvua ikichora mishazari kiooni,
nikaona.
Siyo ya tatu inayovuja. Ni ya kwanza.
Pale nilipoandika "ni wazi kwamba",
na haikuwa wazi hata kidogo.

Sikuwa na karatasi nyingine.
Niligeuza ukurasa wa sahihi, nikaandika, nikaandika,
hadi mkagua tiketi akanigusa bega:
dada, tumefika mwisho wa reli.

Sasa niko maktaba, mbele ya mashine ya kunakili.
Inauliza kwa herufi za kijani:
upande mmoja, au pande zote mbili?

Nyuma yangu kuna foleni.
Mtu anakohoa.