Kujumlisha Usiku

Saa nane usiku, Duluth. Theluji imeziba dirisha la jikoni
nami nimetandaza karatasi mbili mezani
kama mtu anayepatanisha ndugu.
Moja ina umri wa miaka ishirini na mbili, imekunjika, ina doa la kahawa.
Nyingine ni ya mwezi jana, bado inanuka wino.

Ya kwanza, kwa hesabu yangu: uniti hamsini na nane,
wastani mbili nukta moja.
Ya pili: uniti sitini na nne, tatu nukta tisa,
nilizosoma jioni, viatu vya hospitali vikiwa bado miguuni.
Zidisha. Jumlisha. Gawanya kwa mia moja ishirini na mbili.
Tatu nukta sifuri nne.
Narudia kwa kalamu nyingine, kana kwamba kalamu ndiyo yenye kosa.
Tatu nukta sifuri nne.

Chuo cha udaktari hakiulizi ni yupi kati yetu anayeomba.
Kinatuketisha kiti kimoja:
mimi wa miaka arobaini na mmoja,
na yule Aila wa kumi na tisa aliyepata F ya kemia vuli ile.
Ningependa kusema palikuwa na msiba.
Hapakuwa na msiba.
Palikuwa na blanketi, na mvulana aitwaye Dwight,
na maabara ya saa mbili asubuhi
iliyokuwa ng'ambo ya pili ya baridi.

Kazi yangu ni kutoa damu.
Napita wodi kwa wodi kabla ya mapambazuko,
nautafuta mshipa kwa ncha ya kidole
katika mkono wa mzee Lindqvist, mkono uliochoka kuchomwa.
Natoa, natoa, mwaka wa kumi na tano sasa,
lakini kwenye karatasi hii kutoa hakuruhusiwi.
Kemia ile nimeirudia, nimepata A,
na bado zote mbili zimeandikwa,
kila moja na haki yake ya kuhesabiwa.

Baba mkwe wangu Eino, anayeamini sauna kuliko dawa,
alinifundisha wastani bila kujua.
Ndoo ya maji ya ziwa, baridi ya kuuma meno.
Unamimina birika la maji moto: kimya.
Birika la pili: labda vuguvugu, labda ni mkono wako umekufa ganzi.
Wapo wasemao maji yakimwagika hayazoleki.
Yangu hayakumwagika. Hiyo ndiyo shida.
Yamo ndooni yote.

Basi nimehesabu mabirika:
uniti thelathini zaidi, zote A, jioni za miaka miwili,
tatu nukta mbili tatu.
Miaka miwili, na ndoo haitoi hata mvuke.

Maren anashuka ngazi kutafuta maji ya kunywa.
Ana miaka kumi na saba, na fomu zake mwenyewe chini ya mto.
Anainama juu ya bega langu, pumzi yake ina usingizi,
kidole chake kinateremka safu ile ya zamani, kinasimama.
"Mama, hapa umeruka mstari."

Kwaya. Uniti moja. A.
Vuli ileile.

Nilikuwa nimesahau kwamba niliwahi kuamka.
Kila Alhamisi jioni nilitoka chini ya lile blanketi,
nikavuka baridi ileile,
nikasimama safu ya nyuma, nikaimba sauti ya pili,
ile ambayo hakuna anayeisikia mpaka ikosekane.

Maren anagawanya upya.
Tatu nukta sifuri tano.
Tunacheka mpaka Garrett anagonga sakafu huko juu.

Kisha saa kumi. Nakwangua barafu kwenye kioo cha gari,
karatasi zimebaki mezani, bahasha haijafungwa.
Mzee Lindqvist atakunja mkono wa shati
na kuniuliza, kama anavyouliza kila Jumanne,
kama mimi ndiye daktari.
Nitamfunga mpira juu ya kiwiko.
"Bado," nitamwambia. "Kunja ngumi."