Pambizo

Kitabu kililetwa kimefungwa kwa kamba ya katani:
riwaya nene ya Kiingereza, ya enzi za malkia wao wa zamani,
mgongo umevunjika, mchwa wamefanya mji ndani.
"Kishone," akasema Bwana Shekuwe, "na kingo uzikate
zilingane. Zimechafuliwa."

Nikakifungua chini ya taa, hapa Mkomani.
Kiingereza chao nakisoma kwa kudonoa.
Waasi wa nchi ya ukungu,
kijana wa ukoo bora juu ya farasi mweupe,
bendera, mbwa, mvua isiyokatika;
kufikia ukurasa wa mia tatu wote wananing'inia
kwa sababu ya mtu mmoja mwenye nywele nyekundu
aliyekwenda usiku kwa hakimu kupokea fedha.

Zaidi ya hapo mchwa wamekula.
Walianzia katikati, penye hadithi,
wakaacha pambizo.

Na pambizoni, wino wa masizi, herufi za Kiarabu
zenye haraka ya karani wa forodhani:
"Kwetu hapakuwa na farasi."
Ukurasa wa pili yake:
"Songoro. Feruzi. Tufaha na dadake.
Mashamba ya mtama, nyuma ya Mambrui.
Ishara ni mchi: mapigo matatu, kimya, mawili,
usiku wa kuamkia Nairuzi."

Nikafunua polepole, karatasi ikinimwagia vumbi mapajani.

"Siku tatu kabla, usiku, mama mmoja akatwanga.
Mwanawe hakulala. Kibaba cha mtama, basi.
Akatwanga kama mikono ilivyozoea wiki ile:
matatu, kimya, mawili.
Wakatoka kumi na wanane kati ya mia mbili."

Kisha doa, la kahawa au la kidole.
Kisha, ubavuni mwa yule wa nywele nyekundu,
amekandamiza kalamu hata ikatoboa:
"Haikuwa hiana. Ilikuwa ndaa."

Jina la mama halipo. Nimelitafuta
mpaka adhana ya alfajiri, hata ndani ya mshono.
Pengine karani hakulijua.
Pengine alimwita kwa neno moja tu
tangu alipoanza kusema.

Kisu changu nilikinoa juzi,
kinapita karatasi hamsini kwa mkupuo mmoja.
Nimekatia uzi tu.

Alhamisi Bwana Shekuwe atakuja,
atapitisha kidole kwenye kingo, zimepinda, zimeliwa,
atapunguza malipo, namjua.

Apunguze.