Ratili Kumi na Saba

Mimi nilikuwa mpeleka makasha tu.
Miaka thelathini na minane, nyaraka za Laval,
ngazi za mawe arobaini na nne, funguo kiunoni,
na yeye, Hermance Vialatoux, meza ya tatu kutoka dirishani,
havui koti hata Juni, kwa baridi ya kuta zile.

Alikuja kwanza kama mwanahistoria.
Alitaka kodi ya chumvi: nani alilipa, nani alikwepa,
nani aliuvuka mpaka wa Bretania usiku
na mfuko chini ya sketi.
Kitabu chake cha kwanza kilikuwa na majedwali mengi kuliko aya.
Maprofesa wa Paris walikisifu kwa mistari minne
na jina lake wakalikosea.

Halafu, Jumanne moja ya mvua, kasha la mia mbili na sita,
akakuta haya:
"Perrine Houdebert, mjane. Amekamatwa na ratili kumi na saba."
Basi. Ukurasa wa hukumu umeliwa na panya.
Alikaa na mstari ule mpaka nikagonga kengele ya kufunga.
"Bwana Lemonnier," akaniambia, "panya huyu hana adabu."

Panya alipoishia, yeye akaanza.
Akampa Perrine kikohozi, akampa jirani mdaku,
akampa susu la mwaloni, la kubembea, lenye sakafu mbili:
juu blanketi, chini chumvi,
na askari wa forodha wakinong'ona
wasije wakamwamsha mtoto
ambaye hakuwepo.

Riwaya ile ilimlisha. Ilimnunulia jiko la makaa
na kiti cha mbele kwenye karamu za watu wenye medali.
Wanahistoria wenzake wakasema ametia chumvi.
Alicheka hadi akapaliwa.
"Kweli nimetia," alisema, "na sikuilipia kodi."

Vita vikaja, vikapita. Makasha tuliyaficha, tukayarudisha.
Kisha baraza la mji likachanga, likasimamisha sanamu darajani:
Perrine wa shaba, na susu miguuni pake,
na kibao, *Hapa alipita mwaka 1741.*
Watoto wa shule walilishika lile susu
hadi ukingo wake ukang'aa.

Kijana mmoja msomi kutoka Rennes akaandika tasnifu.
Tanbihi ya tisini: *susu la Houdebert, rejea kibao.*
Hermance aliisoma pale pale, meza ya tatu,
miaka sabini na moja, akavua miwani.
Akamwandikia meya: Hapakuwa na susu, nimelibuni mimi.
Meya akamjibu kumshukuru kwa unyenyekevu wake.
Akamwandikia kijana.
Kijana akajibu kwamba mwenye nyumba wake
alikisikia kisa hicho kwa bibi yake, tena mapema sana.

Mara ya mwisho alikuja na mkongojo.
Akaagiza kasha lile lile, asilifungue.
"Nimekula chumvi nyingi, Bwana Lemonnier,
na nyingine nimeimwaga kwenye kisima cha watu."

Nilikuwa na la kumwambia. Sikumwambia.

Kaka yangu alikuwa seremala, mtaa wa nyuma ya kanisa.
Mwaka uliofuata vita vya kwanza, kabla sijakabidhiwa funguo,
bibi mmoja aliagiza susu la mwaloni,
akalipa nusu. Novemba akarudi,
akasema halihitajiki tena,
na pesa zake hakuzidai.
Tuliliweka darini. Tulihifadhia matufaha humo.

Daftari la kaka ninalo mimi:
*Bi Vialatoux, susu moja, nusu imelipwa.*
Msomi yeyote angelitoa jicho kwa mstari kama huo.
Siku nilipostaafu nilishuka nalo ghalani, bila namba, bila kasha,
nikaliacha rafu ya chini kabisa, kando ya ukuta.
Panya wa Laval wana kazi yao.