Mtumiaji wa Mwisho

Siku ya tatu ya mafunzo, ukumbi wa ghorofa ya pili, Njiro.
Kibao changu mezani kimeandikwa Bw. Aikaeli.
Sikusahihisha. Bwana huyo huenda yumo humu ndani,
ameshika kalamu ya hoteli,
anajifunza kuuza bunduki kwa adabu.

Serikali kwa serikali, anasema Kanali mstaafu Lomnyaki,
hii si Kilombero, hakuna anayeita wateja.
Hapa kuna barua ya maombi, na barua ya kuijibu barua,
malipo ya awali, vipuri vya miaka kumi,
wakufunzi wawili wa kwenda kuonesha jinsi ya kufungua na kufunga,
halafu karatasi moja, akaiinua juu
kama mchungaji ainuavyo mkate:
hati ya mtumiaji wa mwisho.
Bila hii, hata ganda la risasi halivuki mpaka.

Dirishani Mlima Meru umejitanda ukungu hadi kichwani.

Zoezi namba tano.
Nchi ya Kijani inaomba bunduki elfu nne.
Ina jirani, Nchi ya Njano. Ina uchaguzi mwakani.
Ina mto mmoja wenye majina mawili.
Nuruana wa forodha, Namanga, anauliza majina ya mto ya nini;
Kandida mwanasheria anamwambia asome swali.
Nusu saa tunabishana juu ya neno "ulinzi".
Wameahidi kutompa mtu wa tatu? Wameahidi.
Saini ipo. Muhuri upo.
Tunaweka vyema vinne, tunauza.

Babu yangu Ndekirwa alikuwa mhunzi, Mamba,
chini ya mlima ule mwingine.
Alifua mikuki mirefu, myembamba,
Wamasai walipanda na ng'ombe, wakashuka na chuma.
Msimsingizie hekima. Alipenda nyama,
na alipenda kulipwa mapema.
Ila naye alikuwa na hati yake:
mnunuzi alishika jani la sale, akatamka
mkuki huu ni wa simba, ni wa fisi, si wa mtu,
na babu akalifunga jani kwenye boriti, juu ya mivukuto.
Bibi alisimulia kwamba boriti ilijaa
hata viapo vikavu vikawa vinadondoka
motoni, kimoja kimoja, vikisaidia kuni.

Mwaka mmoja mkuki ukarudi.
Ulirudi mbavuni mwa shemeji yake, Ndemasi,
ukiwa na alama ya babu, nukta tatu karibu na mpini,
alama ya kusomeka kwa kidole, gizani.
Mtamu kwa nguruwe, wazee walisema, wakanyamaza
kabla ya kufika nusu ya pili.

Babu hakuacha kufua.
Hilo ndilo nyumbani hawapendi nilitaje.
Aliacha kuweka alama.

Baada ya chai na sambusa, mada ya sita:
kila silaha na namba yake, imechongwa ndani ya chuma,
ili ikipotea ijulikane imetoka kwa nani.
Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono:
Na ikishajulikana?
Kanali alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai.
Ni swali zuri. Tutalirudia kesho.
Kesho ni vyeti na picha ya pamoja.

Nilitaka kumuuliza na mimi, kwao Monduli,
kama kuna mkuki wowote wa zamani darini,
na kama una nukta, au hauna.
Wakagawa fomu.

Jina la mtumiaji wa mwisho. Cheo. Anwani.
Nikaandika kwa penseli: Ndemasi.
Cheo: shemeji.
Kandida akanikanyaga mguu chini ya meza.
Nikafuta, lakini vifutio vya hoteli havifuti sawasawa,
kikabaki kivuli cha jina, na juu yake, kwa wino,
Wizara ya Ulinzi, Nchi ya Kijani.

Matokeo yamebandikwa mlangoni.
Kundi letu tumepata alama tisini na moja.