Mama, Tone

Saa mbili za usiku, huko nje yapiga mvua,
nimewasha jiko huku, la kupika sijajua,
tone la macho, la siku, chupa sijaifungua,
ubeti huu, nashuku, ni—

Mizani imenitoka tena.
Nilikuwa nimefika tisa, nahesabu kwa vidole,
likapita basi la Manningham, nikawaza viti vyake:
kitambaa kile si changu? Cha bluu, chenye vijiti vya njano,
nilichokishona mwezi wa pili, mishono miwili imepinda
kwa sababu Dorota alikuwa ananisimulia talaka yake.

Kichwani mwangu zimewashwa redio kumi
na hakuna hata moja yenye kitufe.
Nilikuwa na miaka arobaini na moja nilipopewa jina lake,
herufi nne. Karatasi nikaibandika kwenye friji,
nikalia mbele ya maziwa, kwa furaha: kumbe si uvivu.
Kumbe shangazi Mwanaidi alinionea aliponiita kichwa maji.
Dawa ipo, daktari alisema, huwasaidia wengi.
Nikaanza kuota kimya.

Halafu yule kijana wa miwani, Imtiaz, karibu na soko.
Kidevu kwenye chuma, paji kwenye mkanda, tazama sikio langu.
Akanyamaza muda mrefu
kuliko watu wanavyonyamaza bure.
Pembe za macho yako zimebana, akasema.
Presha ya macho imepanda.

Macho hayana pazia, walinena wahenga.
Ya kwangu yanalo, nalo limelalia mfereji,
na ile dawa ya kichwa huweza kulivuta zaidi.
Daktari akairudisha kalamu mfukoni.
Si sasa, Salha. Watoboe kwanza tundu dogo kwa mwanga,
wapime, ndipo tuzungumze.
Foleni ya huo mwanga: wiki thelathini na moja.

Basi nikapewa matone.
Asubuhi na usiku, usikose hata siku moja.
Yaani jicho linataka kichwa kinachokumbuka,
na kichwa kinataka dawa ambayo jicho limeikataa.
Wanaishi humu ndani kama wake wenza,
kila mmoja kaficha ufunguo wa mwenzake.

Naishi kwa hila.
Saa ya jikoni yenye umbo la kuku hulia kila dakika ishirini.
Chupa nimeifunga kwa uzi mwekundu kwenye mswaki;
mswaki sijawahi kuusahau. Sawa, mara mbili.
Kiatu kimoja nakiweka juu ya bili ya umeme
nisije nikatoka kabla ya kuilipa.
Alfajiri napanda kilima mbio mbio mpaka Lister Park,
damu ikichemka, redio saba huzima.
Mshika mbili, moja humponyoka. Mimi hushika tisa,
nimejifunza tu kuuliza ipi ikianguka haivunjiki.

Nimeonywa: ukiona duara za rangi kuzunguka taa,
jicho likiuma, kimbilia hospitali.
Kwa hiyo natazama taa. Kila taa.
Mtu asiyeweza kumaliza barua ya shule
ameikagua barabara nzima, nguzo kwa nguzo, kwenye mvua.

"Mama, tone."
Nuriya ana miaka tisa. Hunishika kope
kwa kidole kinachonukia chipsi,
hudondosha, halafu huhesabu hadi sitini
kwa sauti ya mwalimu mkali.
Sitini nzima nimefumba, sina pa kukimbilia,
na, sijui nisemeje,
nasikia mvua. Mvua tu.
Inagonga bati la pipa la jirani, tena bati, tena bati.
Arobaini na nane. Arobaini na tisa. Usifumbue.

Ah, ndiyo. Nimeupata:

ubeti huu, nashuku, haufi, unapumua.

Na jiko?
Nuriya alilizima zamani,
pale mizani ilipokatika.